Mtu A na Mtu B wa Dhanani

Njia ya kufika Dhanani sitaieleza. Nikianza na njia mtachoka kabla sijafika kwenye mambo yenyewe. Itoshe kusema nilifika, nikapokelewa na mama mmoja mshona magodoro aitwaye Bi Mwanahija, akanipa chumba cha uani na bakuli la uji, na hakuniuliza natoka wapi mpaka nilipomaliza kunywa.

Kitu cha kwanza kilichonishangaza kule ni mtu aliyekaa peke yake katikati ya bwawa. Pana kisiwa kidogo pale, ukubwa wake kama darasa, na yule bwana amekaa juu yake ameshika tama. Mchana mkewe anaingia majini, maji yanamfika kiunoni, kabeba chakula kichwani. Anakitua, anageuka, anaondoka. Hawasemeshani hata neno moja.

Nikadhani wamegombana. Bi Mwanahija akaniambia wala, wale wanapendana sana, ila yule bwana ni mfano. Zamani kuna mwanachuoni aliandika kitabu cha utawala ambacho kinaanza hivi: tuseme kuna mtu mmoja peke yake kisiwani. Basi ikabidi atafutwe mtu na kitafutwe kisiwa. Mwanachuoni mwenyewe alishakufa, lakini kitabu bado kinafundishwa shuleni, kwa hiyo yule bwana bado yuko kisiwani.

Mtaa wa pili yuko dada mmoja ambaye kila wiki anakata keki vipande sawasawa, halafu anasubiri wenzake wachague, yeye anachukua cha mwisho. Ni mfano wa kitabu cha haki. Dada huyo hataki tena kuiona keki. Ameomba angalau wabadilishe iwe muhogo, wakamwambia kitabuni ni keki.

Nilivyoelezwa, sheria yenyewe inasema hivi: hakuna mfano bila mwenyewe. Na ukisikia ilivyoanza, unaielewa. Hapo nyuma wasomi wa Dhanani walikuwa wanaandika vitabu vya namna ya kutawala watu, na ndani yake wanaweka watu ambao hawapo. Wakubwa wakatawala kwa vitabu vile, nchi ikavurugika, maana amri zilikuwa zinawafaa watu wa kwenye vitabu, haziwafai walioko mitaani. Ndipo Baraza likapitisha kwamba kuanzia sasa mtu akitajwa kwenye nadharia lazima awepo. Waliopitisha walitaka vitabu vifanane na watu. Kilichotokea ni kwamba watu ndio wanafananishwa na vitabu, kwa sababu kubadilisha kitabu ni kazi, kinapita kwa wahariri, kinapita kwa wachapaji. Mtu kumbadilisha unamwita tu ofisini.

Nilipofika mimi, nchi nzima ilikuwa inazungumzia kitabu kipya. Kinaitwa *Taifa Lenye Ridhaa*, mwandishi wake Profesa Lukindo wa chuo kikuu cha hukohuko. Mabango yake yalikuwa kila ukuta, Profesa kashika kidevu anaangalia mbali. Alikuwa anazungushwa mji hadi mji kukitangaza, na kila mji anabebwa mabegani. Kitabu chenyewe kilikuwa mikononi mwa kila mtu, lakini hakuna aliyekifungua. Dhanani kufungua kitabu kabla ya uzinduzi ni utovu wa adabu, kama kufunua sufuria ya mwenzio. Kuna wachache wanaokisoma kwa siri. Wakijulikana hawaadhibiwi, ila siku ya uzinduzi wanakalishwa nyuma kabisa na hawaombwi maoni, kwa sababu wanahesabiwa wameshaathirika.

Sasa sura ya tatu ya kitabu kile ilikuwa na Mtu A.

Siku moja akaja Bwana Pandu, Afisa wa Mifano, mtu mnene kidogo, mpole, ana harufu nzuri ya sabuni. Alikuja na kopo la rangi, akaandika herufi A kwenye mlango wa mbele wa Bi Mwanahija, akasubiri ikauke, halafu akapiga hodi.

Alieleza kwa adabu zote. Kitabuni, Mtu A ana nyumba, na nyumba imekaa mahali ambapo barabara ya wote inatakiwa kupita. Mtu A, kama mtu yeyote mwenye busara, anaitoa nyumba yake kwa furaha. Ofisi imeangalia mji mzima, ikaona nyumba inayofaa ni hii. Ikishavunjwa, hoja itakuwa imesimama.

Bi Mwanahija akamuuliza barabara inatoka wapi kwenda wapi. Bwana Pandu akasema kitabu hakikutaja, kwa hiyo itaanzia ukuta huu na kuishia ukuta ule.

Niseme kidogo kuhusu nyumba ile. Mbele kuna ukumbi mrefu usio na dirisha kubwa, umejaa sufi mpaka unazama magotini. Bi Mwanahija anachambua ile sufi, anatoa mbegu, anajaza magodoro na mito, anashona. Kazi hiyo haifanyiki nje. Upepo mmoja tu, mtaji wote umepanda mbinguni. Ukimwondoa kwenye ukumbi ule umemwondoa kwenye kazi, na kazi nyingine hana.

Akauliza, je, akikataa? Bwana Pandu hakukasirika. Alisema haki ya kukataa anayo kabisa. Ila kitabu kinasema mtu yeyote mwenye busara anakubali, kwa hiyo atakayekataa atakuwa ameonyesha kwamba busara hana. Na asiye na busara sheria inampa msimamizi mwenye busara wa kumwamulia. Msimamizi ameshapatikana. Ameshakubali.

Majirani waliposikia, mtaa mzima ulinung'unika. Wanaume walikuja kusimama mlangoni wakitikisa vichwa, wanawake walisema Pandu hana haya. Mimi nilikaa kwenye kona nachambua sufi, nikatamani kusema kitu. Lakini nikiwa mbele ya watu wazima maneno huwa yananijia yakiwa yamechelewa, wakati wameshahamia kwenye habari nyingine.

Kesho yake akaja mteja kwa mlango wa uani. Mrefu, mwembamba, kajishika kiuno. Nilimtambua kwa kidevu. Alikuwa ni Profesa Lukindo mwenyewe, na mgongo ulikuwa umemwisha kwa kubebwa mabegani na kulala vitanda vya nyumba za wageni. Alikuwa ameelekezwa kwamba hapa kuna magodoro mazuri. Mlango wenye ile herufi ulikuwa umefunguliwa umebanwa ukutani, hakuiona.

Bi Mwanahija akamwambia alale kwanza alijaribu. Basi Profesa akavua viatu, akajilaza chali katikati ya ukumbi, akashusha pumzi. Na watu wa namna ile wakishapata nafuu wanaanza kueleza. Akatueleza nadharia yake huku anaangalia dari. Alikuwa anaieleza vizuri, nilipenda kumsikiliza, na sauti yake haikuwa ya majivuno. Unamwona kabisa kwamba ameishi na jambo lile miaka mingi, anataka na wewe ulione. Alisema tatizo la tawala zote ni nguvu, na yeye amegundua namna ya kutawala bila nguvu hata kidogo, kwa kuonyesha kwamba watu walishakubali. Akafika kwa Mtu A.

"Sasa huyo A," Bi Mwanahija akamuuliza, mkono uko ndani ya foronya, "akishatoa nyumba analala wapi?"

Profesa akacheka, si kwa dharau, kwa kufurahi kuulizwa. "Mama, hilo haliko ndani ya hoja. A ni herufi tu."

"Na watoto wake?"

"Hana watoto."

"Masikini. Umemnyima na watoto."

"Sikumnyima, mama. Sikuwaandika."

Bi Mwanahija akashona kidogo. Halafu akauliza kama kwenye nyumba ya jirani hakuna mtu wa kusema kitu. Profesa akainuka kwa kiwiko, akasema hapo ndipo penye utamu, kwa sababu yuko Mtu B. Mtu B anaona yote na hasemi neno. Na kwa kuwa hasemi, tunajua amekubali. A anakubali kwa kutoa, B anakubali kwa kunyamaza, na kati ya hao wawili wamo watu wote wa nchi.

"Umejuaje kama amekubali?"

"Angekuwa hajakubali angesema."

"Mimi nina mgeni humu ndani," Bi Mwanahija akasema, akaninyooshea sindano. "Tangu afike hajaniambia hata kwamba chumvi imezidi. Na jana ilizidi, nilionja mwenyewe baadaye."

Profesa akageuka kuniangalia. "Ilizidi?"

Nikatikisa kichwa kukubali, macho yako chini.

Niliona kama kuna kitu kimemgusa, kama mtu anayehesabu akakuta namba imebaki. Halafu akasema hiyo ni hali ya pekee, ataitaja kwenye toleo la pili. Akasifu godoro, akaagiza lake, akaondoka akitembea wima.

Alipotoka nilimwangalia Bi Mwanahija. Akaelewa swali. Sheria haimruhusu mfano kujitambulisha kwa mwandishi kabla ya uzinduzi, akijitambulisha inahesabiwa kwamba ameshakubali hapohapo. "Na tena," akasema, "mtu kalala kwenye godoro langu, ana raha na kitabu chake. Ningeanzia wapi?"

Bwana Pandu alirudi mara ya pili kwa ajili ya Mtu B. Alikuwa na wasiwasi. Majirani wote wameshanung'unika, kwa hiyo hakuna hata mmoja anayefaa, na bila B ukurasa hausimami, unatolewa kitabuni na A wake anaachwa na mali yake. Hiyo nayo ni sheria. Alikuwa anayasema haya huku anafuta jasho, mpaka jicho lake likaniangukia mimi.

Akaniuliza jina. Nikachelewa kulitaja. Akaniuliza kama nimeona yote yaliyotokea hapa. Nikainamisha kichwa kukubali. Bwana Pandu akatabasamu, uso wote ukamng'aa, akasema huyu ndiye hasa, hata salamu anaitika kwa kichwa. Akatoa kitambaa cheupe, akanifunga mkononi. Kitambaa hicho kinavuliwa mtu akishasema neno lake mwenyewe mbele ya watu, na asiposema mpaka ukurasa umalizwe, basi ameridhia. Nilikuwa na la kusema palepale. Nilifungua mdomo. Bwana Pandu alikuwa ameshavaa kofia yake.

Bi Mwanahija hakunisukuma. Jioni alinipakulia chakula akasema mimi ni mgeni, sikuja Dhanani kubeba nyumba ya mtu. Akaongeza kwamba chumvi leo ameangalia.

Uzinduzi ulifanyika kwenye ukumbi wa Baraza. Mbele walikaa wale ambao hawajasoma kitabu, kwa sababu ndio wasemaji. Mkuu wa mji alikisifu kwa uzito, akakinyanyua kwa mkono mmoja watu wakaona jinsi mkono unavyotetemeka. Mwingine alisifu jalada. Mhadhiri mmoja wa kike alisema hajasoma hata mstari na ndiyo maana anaweza kukipendekeza bila upendeleo, akapigiwa makofi marefu. Ukazuka mjadala kuhusu furaha ya Mtu A, kama iwe ya moyoni au ya meno. Wazee wa Baraza walibishana sana. Wakaamua iwe ya meno, ili wa nyuma nao waione.

Msimamizi wa Bi Mwanahija alikuwa ameshawekwa jukwaani kwa tahadhari, meno nje tangu asubuhi. Alipotambulishwa alisema, "Nimefurahi," akaketi.

Kisha Profesa Lukindo akaitwa asome ukurasa. Kwa desturi yao, siku hiyo herufi hazisomwi. Mwandishi anasoma majina ya wenyewe, na wenyewe wanasimama karibu naye. Bwana Pandu akatupandisha mimi na Bi Mwanahija. Profesa alikuwa ameinamia kitabu anatafuta ukurasa. Aliponyanyua kichwa akamwona mama aliyemlaza kwenye godoro.

Bwana Pandu akamnong'oneza majina. Profesa akaanza.

"Tuseme Bi Mwanahija ana nyumba." Akafuata mstari kwa kidole. "Na tuseme barabara ya wote inatakiwa kupita hapo. Kama mtu yeyote mwenye busara, Bi Mwanahija anaitoa nyumba yake kwa..."

Hapo akaganda. Neno lililobaki lilikuwa moja tu, nililiona kwenye karatasi, nilikuwa nimesimama kiwikoni kwake. Alimwangalia Bi Mwanahija, na Bi Mwanahija akamwangalia, mdomo umefungwa. Ukumbi ulisubiri mpaka Bwana Pandu akadhani koo limemkauka, akakichukua kitabu taratibu mkononi mwake na kumalizia kwa niaba yake: kwa furaha. Akatueleza tusiwe na shaka na meno ya mama, kwani msimamizi anayo. Kisha akanigeukia, maana nilikuwa nimebaki mimi tu.

Alitakiwa kuniuliza mara moja kama nina neno. Akaniuliza. Watu walikuwa wengi kuliko nilivyowahi kuwaona mahali pamoja, na wote walikuwa wananiangalia mdomoni. Nilitafuta neno zuri, la kutosha ukumbi, sikulipata. Nilikuwa na lile nililokuwa nimeliona tu.

"Hajafurahi," nikasema.

Sauti ilitoka ndogo, mstari wa mbele ukawaambia wa nyuma. Bwana Pandu hakukasirika nayo, huwa hakasiriki. Alisema vizuri, mtoto amesema, kwa hiyo yeye si Mtu B, tulikosea kumchagua. Akanivua kitambaa, akashuka jukwaani kutafuta mwingine. Watu wasiosema Dhanani wamejaa, akasema, hatutachelewa.

Akamwendea bwana mmoja mstari wa mbele. Kabla kitambaa hakijafika mkononi, yule bwana akasema, "Mimi naona joto tu humu ndani." Ikabidi amwache, kwa kuwa amesema. Akamwendea bibi wa pembeni yake. Bibi akasema ana neno ila bado analitafuta. Watu wakacheka, lakini na hilo ni neno. Wa tatu akasema viti vinauma. Wa nne akasema hata yeye angekuwa na nyumba asingefurahi. Wa tano akasema hivyohivyo kama wa nne. Bwana Pandu alikwenda safu kwa safu na kitambaa chake, na kila anapokaribia mtu anasema, wengine neno la maana, wengine basi tu, mradi asifungwe. Yule dada wa keki alisimama kabisa. Alisema kitu kirefu kuhusu muhogo.

Mpaka akafika nyuma kwa waliosoma. Hao hawakuwahi kuulizwa kitu, walikuwa wana maneno tele, kila mmoja na ukurasa wake. Bwana Pandu alirudi mbele amelowa, kitambaa kinaning'inia.

Bi Mwanahija akaona yeye naye asije akafungwa. Akasogea mbele ya jukwaa.

"Na mimi sijasema. Nasema nyumba yangu ibaki ilipo, na huo ukurasa utoke."

Bwana Pandu akageuka huku na huku, akatangaza kwa huzuni kwamba humu ndani hakuna Mtu B, itabidi atoke na kitambaa akamtafute mjini. Hapo mzee mmoja kutoka viti vya nyuma, miwani imefungwa kwa uzi, akaomba ruhusa. Akasema yupo mmoja. Mwandishi hajasema.

Wa mbele wakapiga kelele kwamba amesoma ukurasa mzima tumemsikia. Mzee akajibu taratibu kwamba kusoma si kusema, yale yalikuwa maneno ya kitabu. Akafungua nakala yake, akawasomea mstari wa chini wa ukurasa uleule, ambao wa mbele wote walikuwa hawaujui: na Mtu B, akinyamaza, tumhesabu amekubali neno la mwisho lililosemwa mbele yake.

Bwana Pandu ni mtu wa sheria. Alipanda jukwaani, akamfunga Profesa Lukindo kitambaa mkononi, akasimama mbele yake kama alivyosimama mbele yangu.

"Profesa, una neno?"

Nilikuwa karibu naye kuliko mtu yeyote, na nimejiuliza mara nyingi niliona nini. Alikuwa na hoja, hilo nina hakika. Kazi yake ya miaka yote ilikuwa inategemea ukurasa ule, sura tano za mbele zote zimeuegemea, na neno moja tu lingemvua kitambaa, Bwana Pandu akatoke kumtafuta B mwingine mjini. Midomo ilitikisika. Akamwangalia Bi Mwanahija, akanitazama mimi, akashusha macho kwenye kile kitabu kilichoko mikononi mwa mtu mwingine. Sijui kama alikosa la kusema au alilipata akaliacha. Ukimtazama mtu aliyenyamaza huwezi kujua. Yeye mwenyewe ndiye aliyeandika kwamba unaweza.

Bwana Pandu alisubiri muda unaotakiwa. Kisha akatangaza kwamba Mtu B hakusema, kwa hiyo ameridhia neno la mwisho: nyumba ibaki, ukurasa utoke. Akautoa palepale kwa kiwembe cha ofisi, bila kuchana pembeni.

Ukumbi ukaanza kuguna. Mkuu wa mji akauliza sasa sura za mbele zitasimama juu ya nini, na kwa kuwa hakuna aliyejua, watu wakafanya jambo ambalo Bi Mwanahija anasema hajawahi kuliona: wakafungua vitabu vyao humohumo ukumbini, wakaanza kutafuta.

Profesa Lukindo alishuka jukwaani. Hakuna aliyembeba. Alipita katikati ya watu walioinamia kurasa, akaenda mpaka viti vya nyuma, wale waliosoma wakasogeleana wakampisha nafasi. Akaomba nakala kwa ishara ya mkono. Akapewa. Tulipokuwa tunatoka nilimwona ameanza ukurasa wa kwanza, anasoma polepole, na kitambaa cheupe bado kiko mkononi mwake.